Msimkamilishie Muuaji Kazi Yake

 

Ndugu Waislamu, mtu anayeingia msikitini, chuoni au hotelini na kuwamiminia risasi watu asiowajua, aghalabu hana ugomvi na yeyote kati ya hao anaowaua. Hakudhulumiwa na yule mwanafunzi aliyekuwa amelala bwenini, wala hakutukanwa na yule mzee aliyekuwa akisubiri khutba. Anawaua hao ili awafikie wengine walio mbali, yaani sisi tunaosoma, tunaosikiliza na tunaotazama. Damu ya waliouawa kwake ni wino tu. Barua yenyewe ameiandika kwetu.

Kwa hiyo kazi ya muuaji wa namna hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza anaifanya mwenyewe kwa bunduki. Sehemu ya pili hawezi kuifanya peke yake, nayo ni kulitangaza jina lake, kuionyesha sura yake, kuyaeneza maneno yake na kuwatia watu hofu kwa picha za maiti. Sehemu hii ya pili anafanyiwa na wahariri wa magazeti, wenye redio na televisheni, na kila mwenye simu mfukoni. Makala haya yanawakemea hao wote, na tuseme kweli tangu mwanzo kwamba baadhi yao tunasimama nao safu ya kwanza msikitini.

Yaliyotokea Christchurch

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, mtu mmoja alivamia misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, akawaua Waislamu 51. Alijifunga kamera kichwani na kurusha mauaji hayo moja kwa moja katika mtandao wa Facebook. Zingatieni hesabu iliyotolewa na kampuni yenyewe ya Facebook baada ya tukio. Waliotazama wakati mauaji yakiendelea hawakufika watu 200. Mpaka video inaondolewa, ilikuwa imetazamwa mara zipatazo 4,000. Lakini katika saa 24 zilizofuata, kampuni hiyo iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo, ambazo watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakijaribu kuzipandisha upya.

Tujiulize: ni nani aliyeufikishia ulimwengu video ile? Muuaji alijipatia watazamaji wasiofika 200. Hao wengine wote alitafutiwa na watu ambao hawakushika bunduki, na wengi wao, bila shaka, walikuwa wakilia na kumlaani huku wakimfanyia kazi. Vyombo vya habari navyo havikubaki nyuma. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yaliweka vipande vya video hiyo katika tovuti zao. Gazeti la Daily Mirror lilipamba ukurasa wa mbele kwa picha ya muuaji alipokuwa mtoto mdogo, likamsifu kwa sura ya kimalaika kabla ya kutaja uovu wake. Waislamu 51 wamelala chini ya shuka, na mhariri wa London anawatafutia wasomaji wake picha ya utoto wa aliyewalaza!

Na msidhani kwamba madhara yalikomea katika kuwaudhi wafiwa. Muuaji wa Christchurch mwenyewe aliandika kwamba alimwiga mtu aliyewaua watu 77 nchini Norwei tarehe 22 Julai 2011, ambaye sifa zake mbaya zilikuwa zimejazwa magazetini kwa miaka. Baada ya Christchurch, muuaji aliyewaua watu 23 katika duka kubwa mjini El Paso, Marekani, mwezi Agosti 2019, alianza waraka wake kwa kumsifu yule wa New Zealand. Tarehe 14 Mei 2022, mjini Buffalo, nchi hiyo hiyo, mwingine aliwaua watu weusi 10, naye akarusha mauaji yake mtandaoni kwa kufuata mfano wa video aliyoitazama. Huu ni mnyororo, na kila pete yake imeshikishwa kwa nyenziye na mtangazaji. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Sherry Towers walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mauaji ya halaiki huongeza uwezekano wa mauaji mengine kama hayo kwa muda wa siku 13 hivi. Uovu huambukiza, na ugonjwa wa kuambukiza hauchukuliwi nyumba kwa nyumba ili watu wauone.

Sasa tazameni waliofanya vizuri, na uadilifu unatutaka tuwataje hata kama si wa dini yetu. Tarehe 19 Machi 2019, Waziri Mkuu wa New Zealand wa wakati huo, Bi Jacinda Ardern, alifungua hotuba yake bungeni kwa salamu ya Kiislamu, akatangaza kwamba hatalitamka jina la muuaji, na akawaomba watu wayataje majina ya waliopotea badala ya jina la aliyewapoteza. Mwezi Mei mwaka huo vyombo vikubwa vitano vya habari vya nchi hiyo vilikubaliana kwa maandishi namna ya kuripoti kesi, ili mshitakiwa asiigeuze mahakama kuwa mimbari ya kueneza chuki yake. Hukumu ilipotolewa Agosti 2020, kifungo cha maisha bila matumaini ya kuachiwa, watu waliosikilizwa na nchi nzima walikuwa wajane, mayatima na majeruhi waliosimama kizimbani mmoja baada ya mmoja.

Garissa na mizani yetu

Tulipolia kwa ajili ya Christchurch tulikuwa na haki ya kulia. Lakini Allah, katika Sura ya Al-Mutaffifin, amewatishia maangamizi wale ambao wakipokea kwa watu hutaka wajaziwe kipimo, na wakiwapimia wengine hupunja. Basi tujipime.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya. Waliouawa ni watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Waliwatenga Wakristo na kuwaua kwa kudai kwamba wanafanya hivyo kwa jina la Uislamu, dini ambayo kitabu chake, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, kimemfananisha anayeua nafsi moja isiyo na hatia na aliyewaua watu wote. Katika siku chache zilizofuata, picha ya miili ya wanafunzi iliyotapakaa darasani ilizunguka Afrika Mashariki nzima. Ilifika Nairobi, ilifika Dar es Salaam, na ilifika hapa Songea. Hao walikuwa watoto wa watu. Wazazi wao walikuwa safarini kuja Nairobi kuwatambua katika chumba cha maiti cha Chiromo, na huenda wengine walimtambua mtoto wao kwanza katika simu ya jirani, akiwa hana hata kitambaa cha kumsitiri.

Tulisema nini wakati huo? Wengi wetu tuliotaka ulimwengu mzima ufute video ya Christchurch mwaka 2019, mwaka 2015 hatukuona ubaya wa kuipeleka mbele picha ya Garissa. Wengine tuliisindikiza na neno la masikitiko, kana kwamba kusikitika kunahalalisha. Na siku mbili baada ya mauaji, miili ya wauaji wenyewe ilipitishwa mjini Garissa juu ya gari, mbele ya umati wenye watoto ndani yake, na picha za hilo nazo zikaenezwa. La hasha, hatuwahurumii kwa walilolitenda. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kuichezea miili ya maadui waliouawa vitani, na hakuna katika sheria yetu maiti anayegeuzwa tamasha.

Wakati huo huo walikuwako Wakenya waliofahamu wajibu. Hesabu ya kwanza ilipotangazwa kuwa 147, walianza mtandaoni kazi ya kukusanya majina ya wanafunzi waliouawa na picha zao za uhai, wakitangaza kwamba 147 si namba tu. Huyu alikuwa akisomea ualimu, huyu alikuwa tegemeo la mama yake, huyu alipenda kuimba. Linganisheni picha hizi na ile ya darasani. Zote mbili zinasema kwamba vijana wameuawa. Lakini moja inamwonyesha mtu aliyekuwapo, na nyingine inaonyesha alichofanyiwa na muuaji. Ya kwanza inamrudishia marehemu heshima yake. Ya pili inaning'iniza ushindi wa muuaji ukutani.

Malipo ya mizani mibovu ni kwamba hupimiwa nayo mwenyewe. Tarehe 15 Januari 2019 watu 21 waliuawa katika shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi. Gazeti la New York Times likachapisha picha ya waliouawa wakiwa wameangukia meza zao za chakula, sura zao zikiweza kutambulika. Wakenya walipinga kwa sauti moja, na Baraza la Habari la Kenya likalitaka gazeti hilo liiondoe picha. Gazeti likajitetea kwamba wasomaji wanapaswa kuuona ukweli wa ukatili huo. Wakenya walikuwa na haki. Lakini jibu lao lingekuwa na nguvu zaidi kama picha za namna hiyo zisingekuwa zimejaa katika simu za Wakenya wenyewe, na za Watanzania pia. Mgeni hufuata mlango aliouona uko wazi.

Mwongozo tulionao

Wapo wanaosema kwamba haya ni maadili ya kigeni. Ndugu zangu, sisi tulifundishwa haya kabla ya gazeti la kwanza kuchapishwa duniani.

Vita vya Uhud vilipokwisha, Hamza bin Abdul-Muttalib (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), alikuwa ameuawa na mwili wake umeharibiwa vibaya. Dada yake, Bibi Safiyya, alikuja mbio uwanjani. Mtume alipomwona anakaribia, alimwagiza Zubayr, mwana wa Safiyya, amzuie mama yake asiyaone yaliyomfika kaka yake. Bibi Safiyya alieleza kwamba habari zimekwisha kumfikia na kwamba atasubiri kwa ajili ya Allah. Hapo ndipo aliporuhusiwa, akamtazama, akamwombea.

Kisa hiki kimebeba sheria nzima ya habari za waliouawa. Kwanza, asili ni kusitiri, hata kwa dada wa damu. Pili, mwenye haki ya kuamua kuona au kutoona ni mfiwa, tena baada ya kuandaliwa, si kwa kushtukizwa. Tatu, wa mbali hana haki iliyozidi ya wa karibu. Ikiwa dada wa Hamza alizuiwa kwanza, ni ipi hoja ya mtu wa Ruhuwiko kumtazama binti wa watu aliyeuawa Garissa, na kisha kumpelekea kijana wa darasa la sita?

Tazameni pia mwaka wa 8 Hijria, katika vita vya Muta. Mtume (s.a.w.) aliwatangazia watu wa Madina habari za mauaji hayo kabla mjumbe hajafika. Aliwataja waliouawa kwa majina na kwa mpangilio: Zayd, kisha Ja'far, kisha Abdullah bin Rawaha, na macho yake yakitiririka machozi. Kisha akaagiza watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Hivyo ndivyo habari ya msiba inavyotolewa. Waliouawa walitajwa mmoja mmoja, msemaji hakuona aibu kuhuzunika, na habari ikaishia katika sufuria ya kuwasaidia wafiwa. Gazeti gani leo linamalizia habari yake kwa kuwaeleza wasomaji namna ya kuwasaidia mayatima?

Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 83, wamelaumiwa wale ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, kabla ya kulirudisha kwa wenye uwezo wa kulichunguza. Aya hii iliteremshwa kabla ya simu, lakini hakuna aliye na simu atakayesema haimhusu.

Dini ya muuaji na jirani yake asiye na hatia

Liko jambo la tatu ambalo muuaji hulitaka, baada ya umaarufu na hofu. Hutaka majirani wagombane. Al-Shabaab walipowatenga Waislamu na Wakristo, Westgate mwaka 2013, ndani ya basi la Mandera mwaka 2014 na Garissa mwaka 2015, walitaka Mkristo akitoka hapo amwone kila Mwislamu kuwa ni mwenzao. Mwandishi anayebandika dini ya muuaji katika kichwa cha habari anamalizia hesabu ambayo muuaji aliianza.

Serikali ya Kenya ilimtaja mtu mmoja kuwa ndiye aliyepanga mauaji ya Garissa, na ikaahidi shilingi milioni 20 kwa atakayesaidia akamatwe. Mtu huyo alipata kuwa mwalimu wa madrasa. Ni kweli, na hatutaikana kweli kwa sababu inatuuma. Neno hilo likapigiwa mbiu magazetini mpaka kila mwalimu wa madrasa, kutoka Garissa mpaka Ruvuma, akatazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini mmoja wa wauaji waliokufa pale chuoni alikuwa amehitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu, mtumishi wa serikali. Hilo nalo liliandikwa. Je, kuna aliyedai kwamba vitivo vya sheria vichunguzwe kwa kuwa ni viwanda vya wauaji? Kuna aliyewatazama watoto wa machifu kwa jicho la pembeni? Hakuna, na ni sawa kwamba hakuna. Tunachodai ni kwamba uadilifu aliopewa mwanasheria apewe na mwalimu wa madrasa.

Na kwa nini habari nyingine hazipigiwi mbiu kwa nguvu hiyo hiyo? Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa tena, na wauaji wakawataka abiria wajitenge kwa dini zao. Abiria Waislamu walikataa. Waliwaambia wauaji ama wawaue wote pamoja ama wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki mwezi uliofuata kwa majeraha yake. Hilo ndilo jina ambalo kila Mkristo na kila Mwislamu wa Songea angepaswa kulijua. Ni wangapi wanaolijua?

Hapa kwetu, tarehe 25 Agosti 2021, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam. Kabla ya Magharibi, vipande vya video vya muuaji akitembea na bunduki barabarani vilikuwa katika simu nchi nzima. Mwulizeni kijana yeyote leo: jina la muuaji atalitaja bila kusita. Mwulizeni majina ya wale wanne waliotoka majumbani mwao asubuhi kwenda kazini wasirudi. Atanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakopima kazi ya vyombo vyetu vya habari.

Na jambo lenyewe si la mbali. Miongoni mwa waliotiwa hatiani na mahakama ya Nairobi mwaka 2019 kwa kula njama katika mauaji ya Garissa, alikuwamo kijana wa Kitanzania. Huyu alikuwa na mama, na alikuwa na mtaa aliokulia. Wanaowawinda vijana wetu hawaanzi kwa kitabu cha fiqhi. Huanza kwa video inayomfanya muuaji aonekane shujaa. Kila anayeisambaza, hata kwa kulaani, anawapunguzia wawindaji gharama.

Majibu kwa wenye kupinga

Watasema: umma una haki ya kupata habari. Tunakubali. Umma una haki ya kujua idadi ya waliouawa, mahali, saa, silaha ilipatikana wapi, tahadhari gani zilipuuzwa na msaada ulichelewa kwa muda gani. Garissa, kikosi maalumu cha polisi kilichotoka Nairobi kilichukua saa nyingi kufika, na hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu linaokoa maisha ya kesho. Je, sura ya maiti inaokoa nani? Jina la muuaji likirudiwa mara arobaini katika taarifa moja linamlinda nani? Wala hatusemi jina lifutwe katika hukumu ya mahakama au katika vitabu vya historia. Jina la aliyemuua Sayyidna Ali (r.a.) limo vitabuni mpaka leo. Kuandika jina mara moja kwa haja ni jambo moja, na kumtengenezea mtu umaarufu ni jambo jingine.

Kisha yuko mpinzani mwenye hoja nzito zaidi, na huyu anastahili jibu la heshima. Atasema: mwalimu, unawafundisha watu kusitiri, na madhalimu ndio wanaopenda kusitiriwa. Tarehe 13 Februari 1998 Waislamu walipigwa risasi na polisi Mwembechai, Dar es Salaam, na kitabu cha Dk. Hamza Njozi kilichoeleza mauaji hayo kikapigwa marufuku nchini. Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba, na ilihitajika tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita kutaja waliokufa kuwa 31. Hapa Songea, Februari 2012, wananchi waliandamana kulalamikia mauaji ya mfululizo mitaani, na baadhi yao wakauawa kwa risasi za polisi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 watu waliuawa kwa risasi, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na idadi ya waliokufa ikabishaniwa. Bila picha, nani angeamini?

Tunamjibu hivi. Kipimo ni kimoja kwa wote: tazama muuaji anataka nini, umnyime. Yule wa Christchurch na wale wa Garissa walitaka wajulikane, kwa hiyo wanyimwe jina na sura. Mwenye mamlaka aliyeamuru risasi hataki kujulikana. Anataka idadi isijulikane, majina ya waliokufa yapotee na amri isiwe na mwenyewe. Huyo naye anyimwe anachokitaka: idadi itangazwe, majina ya waliouawa yaandikwe, ofisi iliyotoa amri itajwe na iwajibishwe. Na picha? Picha ni ushahidi, na ushahidi una mahali pake. Hutunzwa bila kuguswa, hupelekwa kwa wakili, kwa tume, kwa mahakama na kwa mhariri mwaminifu atakayethibitisha na kueleza alichokiona, akiufunika uso wa marehemu. Na mama wa marehemu akiamua mwenyewe kuuonyesha ulimwengu alichofanyiwa mwanawe, hiyo ni haki yake, kama ilivyokuwa haki ya Bibi Safiyya. Ila haki hiyo ni yake. Haikuwa ya jirani yake, wala ya kundi la WhatsApp la mtaa.

Kwa hiyo wasije watawala wakayashika makala haya kuwa fimbo ya kuwafunga midomo waandishi. Kumsitiri maiti si kuficha mauaji, na anayechanganya mambo haya mawili kwa makusudi anajulikana anachokitafuta.

Yanayotupasa

Sisi wa Songea tuna sababu ya kulifahamu hili kuliko wengi. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji wa Majimaji, wakitaka kila atakayesikia atetemeke. Kila tarehe 27 Februari mji huu unawakumbuka walionyongwa. Nduna Songea Mbano alikuwa miongoni mwao, na mji wenyewe unaitwa kwa jina lake. Aliyevuta kamba aliitwa nani? Hakuna mtoto wa Songea anayelijua jina lake, wala hajapungukiwa na kitu kwa kutolijua.

Basi wahariri, wa magazeti ya serikali na ya watu binafsi, wa redio za mikoani na wa magazeti yetu ya Kiislamu, tunawadai mambo haya: muuaji asipewe ukurasa wa mbele, waraka wake usichapishwe, dini au kabila lake lisitiwe katika kichwa cha habari ila pale ambapo habari haieleweki bila hilo, waliouawa watajwe kwa idhini ya jamaa zao na kwa picha zao za uhai, na mwandishi asiende kumwekea kipaza sauti mjane ambaye maiti wa mumewe haijaoshwa. Kanuni za maadili ya uandishi zinayajua haya. Kinachokosekana ni kuzifuata siku ambayo kuzivunja kunauza gazeti.

Maimamu na makhatibu, liwekeni jambo hili katika khutba kabla ya msiba mwingine, si baada yake. Na mtakapolaani mauaji, laanini kwa sauti moja, akiwa aliyeuawa anaitwa Ahmad au anaitwa Petro.

Nawe ndugu msomaji, ikikufikia picha ya maiti au video ya muuaji, usiifungue. Ukiwa umeifungua, usiipeleke mbele. Na aliyekuletea mweleze kwa upole kwamba hukuipenda. Kama ni ushahidi wa dhulma, ipeleke kwa anayeweza kuufanyia kazi. Kisha uliza kama wafiwa wana chakula.

Muuaji amekwisha fanya sehemu yake, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Sehemu iliyobaki imo mikononi mwetu, na juu yake tutaulizwa sisi.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa madrasa, Ruhuwiko, Songea